Maisha ya William Cowper, Mtungaji wa Nyimbo, na Misiba Iliyompata

Katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi zimo nyimbo za mtu mmoja wa Uingereza, jina lake William Cowper. Nyimbo zake zimefasiriwa katika lugha nyingi, hata Kiswahili, na wengi waziimbao hufarijika kwazo. Lakini si wengi wajuao ya kuwa mtungaji huyu aliugua ugonjwa wa akili tangu ujana wake hata kufa kwake, wala jinsi misiba ya wapenzi wake ilivyochanganyika na ugonjwa ule. Nataka kuwasimulia maisha yake kwa utaratibu, hasa habari za kufiwa kwake. Maana katika kila usharika wako watu walio wagonjwa wa akili, na watu hao nao hufiwa. Sisi wachungaji na walimu twaitwa kwenda kwenye nyumba hizo, twawafariji mjane na yatima, na yule mgonjwa aketiye kimya pembeni twampita, kana kwamba msiba haukumfika.

Utoto wake

William Cowper alizaliwa tarehe 26 Novemba 1731 katika mji wa Berkhamsted, katika jimbo la Hertfordshire, si mbali sana na London. Baba yake, John Cowper, alikuwa kasisi wa mji ule. Mama yake aliitwa Ann, wa ukoo wa Donne. Walizaliwa watoto saba katika nyumba ile, lakini wawili tu walikua: William, na John aliyekuwa kitinda mimba. Na kuzaliwa kwa John ndiko kulikoleta msiba. Mama yao hakupona baada ya kujifungua. Akafa mwezi wa Novemba 1737, na William alikuwa hajatimiza miaka sita.

Siku ya maziko mtoto alisimama dirishani. Akasikia kengele ya kanisa ikilia, akaiona gari ikichukua jeneza la mama yake na kwenda zake polepole, naye akalia sana. Wajakazi wa nyumba walimhurumia, na kwa huruma yao wakamwahidi mara kwa mara kwamba mama yake atarudi upesi. Mtoto aliamini, kwa kuwa aliyotamani ndiyo aliyoambiwa. Kesho yake akangoja, na kesho kutwa akangoja, hata mwisho akachoka kungoja. Habari hizi hakuzisahau kamwe. Aliziandika mwenyewe katika shairi alipokuwa na umri wa karibu miaka 60, na kila aisomaye ataona kwamba jeraha lile halikupona.

Wajakazi wale hawakuwa watu waovu. Walifanya kama wengi wetu tufanyavyo, tumwambiapo mtoto kwamba baba yake amesafiri, au tumpelekapo mgonjwa wa akili kwa jirani ili asiyaone maziko. Twadhani ya kuwa tusipolisema neno, msiba hautamfikia. Lakini msiba humfikia, ila humkuta peke yake.

Baada ya hayo mtoto alipelekwa shuleni mbali na nyumbani. Huko alikuwako mvulana mmoja mkubwa aliyemtesa kila siku, hata William hakuthubutu kuinua macho yake kumtazama juu ya magoti. Alimjua kwa bizimu za viatu vyake kuliko kwa uso. Hakuwa na mama wa kumwambia. Baadaye akahamishiwa shule ya Westminster katika London, akajifunza Kilatini na Kiyunani vizuri sana, akapata rafiki, akacheza kama vijana wengine.

Ujana wake, na ugonjwa wa kwanza

Alipokuwa mtu mzima alisomea sheria, na mwaka wa 1754 akapewa ruhusa ya kuwa wakili. Lakini hata kabla ya hapo moyo wake ulikuwa umeanza kufunikwa na huzuni kubwa isiyo na sababu ionekanayo, akiamka nayo na kulala nayo. Alimpenda binamu yake Theadora, naye msichana alimpenda, walakini baba yake msichana hakukubali wao kuoana.

Mwaka wa 1756 baba yake akafa. William alipoiaga nyumba ya Berkhamsted akatambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiri: nyumba ile haikuwa ya ukoo wake, bali ilikuwa mali ya kanisa, na kasisi mwingine ataingia. Miti yote, malango yote na njia zote alizozizoea zimekuwa za mtu mwingine. Watoto wa wachungaji watalielewa jambo hili. Mtu akifiwa na baba hupoteza baba. Lakini mara nyingine hupoteza na nyumba, na kitanda, na mahali pa kurudi, yote kwa siku moja.

Mwaka wa 1763 jamaa yake mmoja alimpatia kazi ya kutunza kumbukumbu za baraza la mabwana katika London. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini kwa kuwa wako walioipinga, ilimpasa kwanza aulizwe maswali mbele ya baraza. Hofu ikamshika mchana na usiku. Siku ya kuulizwa ilipokaribia, akili yake ikashindwa, naye akajaribu kujiua. Mungu akamhifadhi. Mdogo wake John, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Cambridge, alikuja kumwona katika hali ile, na mwezi wa Desemba mwaka ule jamaa zake wakampeleka St Albans katika nyumba ya Daktari Nathaniel Cotton.

Katika siku zile wagonjwa wa akili wengi katika Ulaya walifungwa minyororo, wakapigwa, na watu walilipa pesa ili waende kuwatazama kama wanyama. Daktari Cotton hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mpole, mcha Mungu, akaketi na wagonjwa wake akaongea nao. Cowper alikaa kwake mwaka na nusu. Siku moja mwaka wa 1764, baada ya mdogo wake kuja kumtazama, alikuta Biblia juu ya benchi bustanini, akaifunua, na mahali palipofunuka palikuwa habari ya Lazaro kufufuliwa, katika Yohana mlango wa 11. Akaona huruma ya Bwana kwa ndugu waliofiwa, moyo wake ukaanza kulainika. Baada ya siku kadhaa akasoma katika Warumi mlango wa 3 juu ya upatanisho katika damu ya Kristo, na giza likamwondokea. Akatoka katika nyumba ile mwezi wa Juni 1765, mwenye furaha.

Katika nyumba ya Unwin

John alimtafutia ndugu yake mahali pa kukaa katika mji wa Huntingdon, ili wapate kuonana mara kwa mara, kwani si mbali na Cambridge. Huko Cowper alijuana na kasisi mmoja mzee, Morley Unwin, na mkewe Mary, na watoto wao William na Susanna. Watu hawa wakampenda, na mwezi wa Novemba mwaka uleule akahamia kwao kama mtu wa nyumbani. Asubuhi walisoma Neno la Mungu, mchana walitembea, jioni waliimba. Huyu aliyekuwa hana mama tangu utoto sasa alipata nyumba tena. Na Bibi Mary Unwin, ingawa alimzidi kwa miaka michache tu, alikuwa kwake kama mama.

Lakini haikupita miaka miwili. Mwezi wa Julai 1767 mzee Unwin alianguka toka juu ya farasi wake alipokuwa akienda kanisani Jumapili, akaumia kichwani, akafa baada ya siku chache. Katika majonzi hayo akafika kasisi John Newton kuwatembelea. Newton huyu zamani alikuwa nahodha wa merikebu za kuchukua watumwa kutoka Afrika. Mungu akamgeuza, na sasa alikuwa mhubiri katika mji mdogo wa Olney. Akawatafutia nyumba karibu naye, nao wakahamia Olney. Cowper alifuatana na Newton kuwaona wagonjwa na maskini, hasa wanawake waliofanya kazi ya kusokota vitambaa vya nakshi kwa ujira mdogo, akaomba nao katika nyumba zao.

Kifo cha John

Mwezi wa Februari 1770 Cowper aliitwa Cambridge, maana mdogo wake John alikuwa mgonjwa sana. Akaketi kitandani pake siku hata siku. John alikuwa mtu mwema na mwenye elimu nyingi, lakini hakuikubali imani ya ndugu yake jinsi alivyoiamini. Katika ugonjwa ule moyo wake ukafunguka, akaungama kwamba wokovu wake u katika Kristo tu. Tarehe 20 Machi 1770 akafa. Kati ya watoto saba wa Ann Cowper akabaki mmoja.

Watu waliomwona William baada ya kifo hiki walimshukuru Mungu, maana hakuonekana kuanguka. Alikuwa na amani, akaandika habari za mwisho wa ndugu yake, akamsifu Mungu kwa wokovu wake. Hata walidhani kwamba msiba umepita na haukumdhuru. Na hapa ndipo napenda msomaji aangalie sana. Newton alimshauri watunge pamoja kitabu cha nyimbo kwa ajili ya watu wa Olney, na Cowper akatunga nyimbo kadiri ya 67. Lakini kabla kazi haijakwisha huzuni ikaanza kurudi, polepole kama maji yapandayo. Mwezi wa Januari 1773, miaka karibu mitatu baada ya kifo cha John, ugonjwa ukamwangukia kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Siwezi kusema kwamba kifo cha John peke yake kilileta ugonjwa ule. Yalikuwako mambo mengine. Mwaka ule wa 1772 walikuwa wamekusudia kuoana yeye na Bibi Unwin, na kusudi hili likavunjika. Tena ugonjwa huu ulikuwa ndani yake zamani. Lakini yule aliyemtafutia nyumba ya daktari, aliyemtafutia makao Huntingdon, aliyemtembelea kila juma alipotoka katika ugonjwa, alikuwa ni John. Na sasa ugonjwa uliporudi, John hakuwapo.

Mwezi wa Februari Cowper aliota ndoto, akasikia humo neno la kumwambia kwamba amepotea, hakuna tumaini. Tangu siku ile aliamini ya kuwa Mungu huwahurumia watu wote wamtafutao isipokuwa yeye peke yake. Hakuingia tena kanisani maisha yake yote. Watu wengine wangesema kwamba mtu huyu ameasi, au kwamba ana dhambi iliyofichika. Newton hakusema hivyo. Alijua kwamba sauti ile ilikuwa ya ugonjwa, si ya Mungu. Usiku mmoja wa Aprili Cowper alikimbilia nyumba ya Newton kwa hofu, akaomba kulala usiku mmoja tu. Akakaa miezi 13. Mwezi wa Oktoba akajaribu tena kujiua. Bibi Unwin alikuwa naye mchana na usiku, ingawa walikuwako watu wenye ulimi waliosema maneno juu yao. Na Newton na mkewe hawakuwafukuza.

Sungura watatu

Alipopata nafuu mwaka wa 1774 jirani mmoja alimpa sungura mdogo wa porini. Watu walipoona kwamba amempenda wakamletea wengine, akachagua kufuga watatu tu, akawaita Puss, Tiney na Bess. Aliwajengea vyumba vyao kwa mikono yake, akawalisha, akaandika tabia ya kila mmoja: Puss alikuwa mpole, akaruka magotini pake, Tiney alikuwa mkali, hakukubali kushikwa hata kufa. Tena alijifunza useremala, akalima bustani, akachora picha. Kazi hizi zaonekana kuwa ndogo, lakini ziliishikilia siku yake isimwagike. Na baada ya Newton kuhamia London mwaka wa 1780, Bibi Unwin alimtia moyo kuandika mashairi makubwa. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kikatoka mwaka wa 1782, na cha pili, chenye shairi kubwa liitwalo The Task, mwaka wa 1785. Akawa mshairi ajulikanaye katika Uingereza yote. Mwaka wa 1788 aliandika mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, akieleza uchungu wa Mwafrika aliyenyakuliwa kwao na kupelekwa ng'ambo. Na mashairi hayo yalisomwa na watu wengi waliokuwa wakishindania kuikomesha biashara ile.

Kifo cha rafiki

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 1786, yeye na Bibi Unwin walihamia nyumba nzuri katika kijiji cha Weston, karibu na Olney. Hata mwezi haujakwisha ikaja habari ya kwamba William Unwin, mwana wa Bibi Mary, aliyekuwa kwa Cowper kama ndugu wa pili, amekufa kwa homa katika mji wa Winchester, alipokuwa safarini. Bibi Mary alipotewa na mwanawe, na Cowper rafiki yake.

Na safari hii tena Cowper hakuonekana kuanguka. Barua alizoandika katika majuma yale ni za utulivu. Alimfikiria mjane na watoto walioachwa, alimfariji mama. Lakini mwezi wa Januari 1787 ugonjwa ukamjia kwa nguvu. Alijaribu kujiua, na Bibi Unwin ndiye aliyemkuta na kumwokoa. Mwanamke huyu mwenyewe alikuwa katika matanga ya mwanawe. Cowper alikuwa mgonjwa karibu miezi sita, kisha akapona ghafula, akarudi kwenye kazi yake ya kufasiri mashairi ya Homer.

Matabibu wa siku zetu wamejifunza sana juu ya jambo hili. Wasema kwamba mtu mwenye ugonjwa mzito wa akili huomboleza kama watu wengine, ila huenda uso wake usionyeshe, au maombolezo yake yakaja baada ya majuma au miezi, wakati ambapo watu wote wamekwisha kutawanyika. Tena wasema kwamba kufiwa, hasa kwa ghafula, kwaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Wale waliomzunguka Cowper hawakuyajua hayo. Lakini habari za maisha yake zayaonyesha wazi.

Picha ya mama

Mwaka wa 1790 binamu yake wa upande wa mama, Ann Bodham, alimpelekea zawadi: picha ya mama yake, iliyochorwa zamani. Miaka zaidi ya 52 ilikuwa imepita tangu siku ile ya dirishani. Cowper aliibusu picha, akaitundika karibu na kitanda chake, ili iwe kitu cha mwisho kukiona alalapo, na cha kwanza aamkapo. Kisha akaandika lile shairi nililolitaja, akaeleza mavazi ya mama yake, na vitu vidogo alivyompa, na ahadi za wajakazi. Hakuugua kwa ajili ya kuandika hayo. Aliyeonekana kuwa dhaifu hata asiweze kuambiwa habari ya msiba aliweza kuutazama na kuusema, na kuusema kwake kulimpa faraja.

Kifo cha Bibi Unwin

Mwezi wa Desemba 1791 Bibi Unwin alipatwa na kiharusi, na mwezi wa Mei 1792 kikampata tena, kikaunyang'anya mwili wake nguvu na ulimi wake maneno. Aliyekuwa mlezi akawa mwenye kulelewa. Cowper alimshika mkono akamtembeza bustanini, akaacha kazi zake ili amtumikie. Lakini nguvu zake mwenyewe zilimwishia, na mwaka wa 1794 giza likamfunika lisiondoke tena. Katika mwaka huo mfalme alimpa paundi 300 kwa mwaka, lakini hakuwa na moyo wa kufurahi.

Jamaa yake kijana, John Johnson, wa ukoo wa mama yake, akawachukua wote wawili mwaka wa 1795 kwenda Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtu mwenye subira kubwa. Aliwasomea vitabu, akawatembeza pwani, akatafuta nyumba baada ya nyumba mpaka wakatulia katika mji wa East Dereham.

Hapo, tarehe 17 Desemba 1796, Bibi Unwin alifariki. Asubuhi ya siku ile, kijakazi alipokuja kufungua dirisha, Cowper alimwuliza kama kungali na uhai katika chumba cha juu, basi alijua. Johnson alipompasha habari ya kifo, hakutaka kusadiki. Jioni akapelekwa kuona maiti. Alimtazama kitambo, kisha akajitupa upande wa pili wa chumba kwa uchungu mkubwa. Baada ya hapo akatulia, akaomba divai kidogo. Tangu saa ile hata kufa kwake hakulitaja tena jina la mwanamke yule, wala hakuuliza habari zake.

Bibi Unwin akazikwa usiku katika kanisa la Dereham, kwa mwanga wa mienge, ili Cowper asijue saa ya maziko na kufadhaika. Johnson alifanya hivyo kwa upendo, wala simhukumu; alikuwa amemwona mgonjwa wake akiteseka kuliko sisi tunavyoweza kujua. Walakini nisomapo habari hii nawakumbuka wale wajakazi wa Berkhamsted. Mara mbili katika maisha yake Cowper alizuiliwa kumsindikiza mama: alipokuwa mtoto wa miaka mitano, na alipokuwa mzee wa miaka 65. Mara ya kwanza alilia, akadanganywa. Mara ya pili hakulia, watu wakadhani amesahau. Lakini mtu aliyenyamaza kabisa juu ya mwenzake wa miaka 31, sidhani kwamba amemsahau.

Mwisho wake

Aliishi miaka mitatu na zaidi baada ya hapo. Johnson aliendelea kumsomea kila siku na kumwekea mbele kazi yake ya Homer, naye akairudia na kuisahihisha hata mwisho. Mwezi wa Machi 1799 aliandika shairi lake la mwisho kubwa, habari za baharia aliyeanguka katika bahari usiku wa dhoruba, na wenzake katika merikebu hawawezi kugeuka kumwokoa. Tarehe 25 Aprili 1800 akafa kwa amani, akazikwa katika kanisa la Dereham. Johnson, aliyemtazama baada ya kufa, aliona usoni pake utulivu uliochanganyika na mshangao mtakatifu, kama wa mtu aliyekuta asichokitazamia. Na Newton, aliyekuwa mzee wa miaka 74, alimhubiri katika London bila mashaka yo yote juu ya wokovu wake.

Neno kwa walimu na wazee wa kanisa

Ndugu zangu, mkiitwa kwenye nyumba ya msiba, ulizeni kama yumo mgonjwa wa akili. Akiwamo, aambiwe kweli kwa maneno mepesi, na mtu amjuaye na kumpenda, si kwa kusikia vilio vya jirani. Aulizwe kama ataka kwenda maziko. Akitaka, aende, na mtu mmoja awe karibu naye kazi yake ni hiyo tu. Akikataa, asilazimishwe, bali baadaye apelekwe kaburini siku atakayotaka. Asipolia, msiseme kwamba haelewi.

Tena angalieni kwamba aliyekufa huenda ndiye aliyempikia, aliyemkumbusha dawa, aliyeijua lugha ya uso wake. Kabla watu hawajatawanyika katika matanga, jamaa waketi na kuamua ni nani atakayeishika kazi hiyo, maana mgonjwa akikosa dawa yake na usingizi wake katika majuma yale, ugonjwa hupata mlango. Msimtembelee siku ya tatu tu. Mwendeeni mwezi wa tatu, na baada ya mwaka, kwa kuwa kwa Cowper giza lilikuja baada ya wengine kukausha machozi yao.

Akisema ya kuwa Mungu amemtupa, au kwamba afadhali afe, msibishane naye kwa mafungu ya Maandiko, wala msimwache peke yake; kaeni naye, na upesi mpelekeni hospitali. Kanisa letu halikuwa geni katika kazi hii: kule Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipoanzwa kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, wagonjwa wa akili walianza kupokewa mwaka wa 1904. Wala msidhani kwamba kumpeleka kwa daktari ni kupungukiwa na imani. Newton aliomba kila siku kwa ajili ya rafiki yake, na pamoja na kuomba alimpa chumba katika nyumba yake miezi 13.